Shamba la Ndani ya Mashini

Mashini ya bwana yangu ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa ndani ya shuka ya zamani. Siyo mashini yote. Ni lile sanduku tu, lile la chuma cheusi lenye nyaya nyuma. Ekrani yake, kile kioo cha kuonyesha, ilikuwa Beni, kwa baba mukubwa wa mutoto wangu. Klaviye, ule ubao wa kupigia herufi, nilibaki nayo mimi, kwa sababu siku ya kugawa hakuna aliyejua inafanya kazi gani. Mutu akiniuliza namna gani ordinatere moja, kompyuta moja, inaweza kukaa katika miji miwili, ninamuambia aende aulize wazee wa ukoo.

Tulikuwa tunaishi Beni. Bwana yangu alikuwa na kile watu wanaita secrétariat, nyumba ndogo karibu na soko, meza moja, mashini moja, na mashini ingine ya fotokopi iliyokula karatasi zaidi ya kuzitoa. Watu walimuletea barua za kuomba kazi, mialiko ya ndoa, programu za mazishi, naye alizipiga vizuri na kuwasahihishia hata majina yao wenyewe. Alikufa na tension, damu ilipanda. Ninalisema mapema, juu mutu akisikia Beni, tena akisikia mujane, anashika kinywa mara moja. Hapana. Bwana yangu hakupigwa risasi, hakutekwa njiani. Alianguka kwa meza yake akipiga mwaliko wa ndoa ya watu wengine, tukamupeleka hospitali, akakaa huko siku kidogo, akafa. Watu walikuja kwa kilio na maneno yao tayari, yale wamezoea kusema, wakakosa mahali pa kuyaweka. Wengine waliniuliza mara ya pili kama ni ugonjwa kweli. Siku hizi mutu wa Beni akifia kitandani, hata namna ya kumupa pole watu hawaijui.

Mimi nilikufa ganzi. Sina neno lingine. Watu walisema nina moyo wa nguvu, wengine walisema sikumupenda, na maneno yote mawili niliyasikia kama bei ya mafuta kwa radio. Nilikula nilipopewa sahani, nililala walipozima taa.

Siku ya kumaliza kilio, wazee walitandika mukeka uani na vitu vyake vikapangwa juu: suti ya ndoa, viatu, radio, saa ya mukono. Baiskeli ikaegemezwa kwa ukuta. Kwetu ni hivyo, vitu vya marehemu vinagawanywa muchana mbele ya macho ya wote, na anayepewa anapokea kwa mikono miwili na kusema aksanti. Kikishapokelewa hakirudi. Kukirudisha ni kumutukana marehemu, ni kusema kwamba alitoa vibaya. Hata kunung'unika juu yake ni vibaya.

Muzee aliyekuwa anagawa ni muzee mwema kabisa, lakini mashini hajapata kuigusa maishani mwake. Aliona vitu viwili: televizyo moja na sanduku moja. Televizyo akaipatia kaka mukubwa wa marehemu, kwa heshima. Sanduku akalipatia mutoto wetu, kwa sababu ndiye mwenye kuriti baba yake, na sanduku ni kitu cha kutunzia mali. Watu wakapiga makofi. Kisha akanigeukia.

“Mama, unakubali?”

Nikainamisha kichwa. Akauliza tena, maana ndivyo desturi inavyotaka, nikainamisha tena. Mutoto alikuwa amekaa kwa mapaja yangu, wakati ule alikuwa anaingia darasa la tatu. Akaninong'oneza, “Mama, banatenganisha mashini.” Nilimusikia vizuri. Niliona kila kitu, lakini kwa mbali, na sikuona sababu ya kufungua kinywa.

Nikarudi Butembo, kwa nyumba ya wazazi wangu pale Bulengera, na mutoto, na sanduku. Mama yangu yuko, baba alikwisha kufa. Nilifungua meza ya unga mbele ya lupango, kiwanja cha nyumba yetu: unga wa muhogo, unga wa mahindi, na soya kwa wenye watoto wadogo. Baba mukubwa hakunizuia kuondoka. Alisema tu, “Enda naye kwanza. Ni mutoto mwanamuke, anahitaji mama. Tutaona.” Kwetu mutoto ni wa ukoo wa baba, hilo hakuna anayebisha, na kaka mukubwa wa marehemu ndiye baba sasa. Kisha akaanza kupiga simu. Kwanza kusalimia. Halafu kuuliza masomo. Halafu akasema kwamba mwaka wa shule ukianza mutoto aje Beni, atasoma pamoja na watoto wa nyumbani, atajua watu wake.

“Sawa, baba mukubwa,” nilimujibu.

Nilikuwa najibu sawa kwa kila mutu. Mutoto huyu ndiye peke yake niliyemuzaa. Nilikuwa namutoa kwa simu, na mukono mwingine ulikuwa unapima unga wa muteja. Mama yangu, aliyesikia, akasema, “Wewe, uko ndani ya hiyo mwili ao ulitoka?” Nikamuambia unga wa soya umeisha.

Jambo la mashini lilianza kwa kaka yangu, anayekaa lupango la jirani. Ana ordinatere ya kubeba, na watoto wake wanachezea ndani muchezo wa shamba wenye trakta. Trakta kubwa nyekundu, inalima, inavuna, inabeba. Mutoto wangu akarudi kutoka huko uso wote umebadilika.

“Mama, kwa mashini ya Papa trakta inaweza kuingia?”

Ni lazima nieleze. Kwa mashini ya baba yake pia kulikuwa na shamba. Ni muchezo wa zamani, wa picha ndogo ndogo, bila trakta, mutu anapanda mbegu kwa mistari na anangoja. Na kungoja kwenyewe kulikuwa kwa kweli: mashini inahesabu siku kwa saa yake yenyewe, na mbegu inaota kadiri siku zinavyopita. Lakini mashini ile ilikuwa na ugonjwa. Ndani kuna pile, betri ndogo kama kifungo cha koti, inayoshika tarehe wakati umeme umekatika, na pile ile ilikwisha kufa zamani. Kila ikizimwa, mashini ilisahau leo ni siku gani, ikarudi mwaka ambao mutoto alikuwa hajazaliwa. Bwana yangu hakununua pile. Sijui ni uvivu ao ni nini, mutu aliyesahihisha barua za muji muzima. Kila asubuhi mbele ya masomo mutoto alipita secrétariat, anawasha, anauliza, “Papa, leo ni tarehe ngapi?” Baba yake anamuambia, anaiandika, na shamba linaendelea. Hiyo ilikuwa kazi yake, na hakuna mutu mwingine aliyeruhusiwa kuifanya.

Mama yangu aliposikia habari ya kulima ndani ya mashini alisimama.

“Shamba liko pale nyuma ya nyumba,” akasema. “Jembe liko kwa mulango. Mwenye kutaka kulima anazuiliwa na nani?”

“Ile haiko na fraise,” mutoto akajibu.

“Fraise ni nini?”

“Sijui. Ni nyekundu. Papa alisema ni maharagi ya bazungu.”

Mama alicheka mpaka akatafuta kiti. “Mungu wangu! Muntu anapanda kitu hakijui, anakivuna, na kwa sahani hakifiki!” Kaka yangu alicheka, watoto wake walicheka. Niliona watu wanacheka, nikavuta midomo na mimi.

Kaka alisema mashini ile iuzwe vipande, ni chuma cha zamani, nguvu za trakta haina. Mama alisema iuzwe inunuliwe mbuzi. Jioni mutoto alilivuta sanduku, akalipanguza vumbi kwa sketi ya shule. Nikasema sawa, tutalipeleka kwa fundi aone kama linaweza kuongezewa nguvu. Sikusema hivyo kwa kupenda. Ilikuwa namna ya kumaliza mazungumuzo.

Fundi ana kazi yake katikati ya muji, nyuma ya duka la simu. Alifungua sanduku, akapuliza, tukakohoa wote watatu. Akaliunga kwa ekrani yake, akawasha, zikaonekana herufi nyeupe kwa weusi, akazima.

“Iko muzima,” akasema. “Lakini ni muzee. Donc, tunaweka barrette mbili za mémoire, za kuongeza nguvu, tunatosha inje hii disque dur yenye kushika mambo yote, tunaweka mupya, na système mupya. Na ile pile, naona imekufa.”

“Kisha trakta itaingia?” mutoto akauliza.

“Itaingia na remorque yake ya kukokota mizigo.”

“Na shamba ya zamani?”

“Ile muchezo ya zamani, système mupya haiwezi kuikubali. Ile itaenda.”

“Itaenda wapi?”

Fundi alikuna kichwa, akaniangalia mimi. Nilikuwa naangalia mutaa. Akauliza tuko na ekrani ao hapana, maana anayo ya kuuza. Kununua ekrani na kuongezea sanduku nguvu kwa mara moja sikuweza, ilikuwa moja ao ingine, na moja bila ingine haina maana. Nilianza kufunga shuka. Ndipo mutoto akasema, kama vile anasema jambo dogo kabisa, “Ekrani yetu iko kwa Baba Mukubwa. Twende tuiombe.”

Kuomba kitu cha mukeka. Mutoto hakujua anasema nini, ao alijua, sijui. Nilisema sawa.

Nilipomuambia kaka yangu, alikasirika. “Uende Beni na mutoto mukono huu, na sanduku mukono ule? Utarudi mikono mitupu. Banabaki na vyote. Mwaka wa shule uko hapa karibu, unawapelekea wewe mwenyewe?” Alisema kweli. Nilijua ni kweli. Niliijua kama mutu anavyojua kwamba nje kuna baridi wakati yeye yuko ndani. Nikafunga sanduku kwa kamba.

Tulipanda gari ya Beni asubuhi, sanduku kwa magoti yangu, klaviye ndani ya mufuko wa mutoto. Kwa barrière, pale wanakagua magari, askari aligonga sanduku kwa kidole. “Oyo nini?” Nikasema ni mashini. Akataka tufungue, tukafungua, akaangalia nyaya, akauliza inafanya nini. Mutoto akamujibu, “Ni shamba.” Askari alicheka, akaturuhusu. Njia nzima sikufikiri kitu. Mutoto aliniuliza kama Baba Mukubwa atakataa, nikamuambia angalia inje.

Baba mukubwa ni mukulima. Alikuwa. Shamba la kakao la ukoo liko upande wa Mangina, liliachwa na baba yao, na ndilo lililosomesha wote, hata bwana yangu. Siku hizi hakuna anayekwenda huko. Mutu akienda kuvuna hajui kama atarudi, basi watu wameacha. Kakao inaiva, inakuwa nyeusi kwa muti, inaanguka. Yeye anakaa Beni, muji, anauza vitu vidogo vidogo, sabuni, chumvi, na mikono yake inakosa pa kukaa. Alitupokea vizuri. Alimuinua mutoto juu, ingawa amekuwa mukubwa, akasema, “Angalia pua! Ni ndugu yangu mutupu!”

Tukaingia sebuleni, nikaiona. Ekrani ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na mbele yake kopo la maua ya plastiki. Hakuna hata alama ya kidole. Mama mukubwa, muke wake, aliona macho yangu yamekwenda wapi.

“Tulinunua antene,” akasema polepole. “Tukaielekeza huku, tukaielekeza huku. Haikuonyesha kitu. Tukasema labda nayo inamulilia marehemu.”

Baba mukubwa alikohoa. Nikaelewa kwamba wakati wote huu watu wazima wa nyumba ile walikaa mbele ya kioo cheusi, na hawakumuuliza jirani, hawakumuita fundi, maana kuuliza kungekuwa kunung'unika juu ya zawadi ya marehemu. Walikipanguza, wakakifunika, wakanyamaza.

“Haiko televizyo, Baba Mukubwa,” mutoto akasema. “Ni uso ya hii.” Akaonyesha sanduku.

Nilipaswa kueleza, kuomba, kusema maneno yenye adabu yanayozunguka kwanza. Mutoto ndiye aliyeuliza kama anaweza kuonyesha. Baba mukubwa akaondoa maua yeye mwenyewe. Mutoto akaunga nyaya, anazijua kwa vidole, aliziunga miaka yote kwa mapaja ya baba yake. Umeme ulikuwapo. Akabonyeza.

“Eee!” Mama mukubwa alipiga makofi. “Kumbe ilikuwa inangojea mwenzake!”

Mashini ikachukua muda wake, ikafunguka, na kwa pembe ya chini iliandika ule mwaka wake wa zamani. Mutoto akageuka kwangu, kidole juu ya klaviye.

“Mama, leo ni tarehe ngapi?”

Nilifungua kinywa. Sikujua. Sikujua tarehe, sikujua hata kama ni mwanzo wa mwezi ao mwisho. Nilitazama ukuta kama kuna kalenda, hakukuwa na kalenda. Wote walinitazama. Mwishoni baba mukubwa ndiye aliyeisema tarehe, kwa sauti ya chini, kama mutu anayeokota kitu cha mwingine kilichoanguka.

Mutoto akaiandika, akafungua muchezo, na shamba likajaa ekrani. Lilikuwa limeiva lote. Mustari kwa mustari, mpaka ukingoni, nyekundu na njano, hakuna pahali pa udongo mutupu isipokuwa kipande kimoja chini, karibu na mutaro.

“Imeiva yote,” mutoto akasema. Hakuisema kwa furaha. Aliisema kama anahesabu.

Baba mukubwa akavuta kiti, akakaribia. “Nani alipanda?”

“Papa. Ile asubuhi. Mimi niliandika tarehe, yeye akapanda, kisha nikaenda masomo.”

Ile asubuhi ni asubuhi aliyoanguka. Mama mukubwa akatoka, akaenda jikoni. Mimi nilibaki nimesimama pale pale, na ganzi ile ile. Mutoto akaanza kuvuna. Kila akibonyeza, mashini ilitoa mulio mudogo, na mumea unatoka, udongo unabaki. Baba mukubwa aliangalia kila mumea. Alitia hata mukono mbele, akaurudisha.

“Kakao iko?” akauliza.

“Hapana. Hakuna.”

“Hata huko,” akasema.

Tulikula, fufu na sombe ya majani ya muhogo na samaki ya kuvukisha. Mutoto akarudi kwa shamba. Baba mukubwa akanawa mikono, akakaa vizuri, nikajua maneno yanakuja, kwa sababu alifunga kifungo cha shati.

“Shemeji,” akasema, “mimi naona kitu hapa. Sanduku imekuta uso yake. Mutoto iko kwa nyumba ya baba yake. Kila kitu iko pahali pake, ni kama vile marehemu mwenyewe amepanga. Mashini ibaki, mutoto abaki. Masomo yanaanza karibuni. Wewe uko kijana, utakuja kumuona wakati wowote, mulango ni yako.” Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na macho mekundu, na alimuangalia mutoto kwa pendo kabisa, hilo nitalishuhudia popote. “Mama, unakubali?”

Ni neno lile lile, na nafasi ile ile ya kungoja nyuma yake. Mulio wa kuvuna ulikuwa umesimama. Mutoto hakugeuka. Niliona mugongo wake tu, na mukono wake umekaa juu ya klaviye bila kubonyeza. Nilisikia shingo yangu inaanza kuinama yenyewe, imezoea.

“Unakubali?” akauliza mara ya pili.

“Hapana.”

Sauti ilitoka mbaya, kavu. Mama mukubwa alitokeza kichwa toka jikoni.

“Hapana, baba mukubwa. Mutoto anarudi na mimi.” Na hasira ikaja. Niliishangaa, nilifikiri nayo ilizikwa. Ilianza miguuni ikapanda, moto, na nikaipenda. “Siku ile kwa mukeka muliuliza mutu ambaye hakuwapo. Mulipasua mashini vipande viwili nikainamisha kichwa, mungenipasua mimi ningeinamisha. Leo niko. Munaniuliza, ninajibu. Mutoto ni wa ukoo wenu, siwezi kulibisha, jina ni lenu, pua ni yenu. Lakini analala kwangu. Ekrani ibaki, sikuja kuirudisha. Mutoto hapana!”

Nilikuwa nimesimama na kidole hewani, mbele ya kaka mukubwa wa bwana yangu, ndani ya nyumba yake, na chakula chake tumboni mwangu. Kwetu muke hasemi hivyo. Nilingoja anifukuze.

Alikifungua kile kifungo cha shati. Kisha akavuta kiti chake tena mpaka kwa ekrani, akamuuliza mutoto, “Ile kipande ya chini, karibu na mutaro, ni ya nani?”

“Haina mutu,” mutoto akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

“Mimi sina shamba tena. Unajua.”

“Najua.”

“Unaweza kunipimia pale?”

Mutoto akaniangalia, akamuangalia. Kisha, mutoto huyu aliyekulia muji, asiyeshika jembe isipokuwa kwa kulazimishwa na bibi yake, akauliza kama mwenye udongo kabisa, “Na muhako?”

Muhako ni ile mbuzi mukulima anayoleta kwa mwenye udongo ili aruhusiwe kulima. Bila muhako hakuna shamba, na ukiisha kuupokea huwezi kumufukuza mutu. Hata watoto wanaijua. Baba mukubwa alicheka, mara ya kwanza siku ile, na machozi yakamutoka wakati mumoja. Akasimama, akakunja kile kitambaa cheupe vizuri, akakiweka juu ya ekrani.

“Hii ni muhako yangu,” akasema.

Mutoto alisimama, akapokea kwa mikono miwili, ingawa ekrani ilikuwa inamushinda uzito na baba mukubwa ilimubidi aishikilie chini. “Wasingya,” akasema, ni aksanti kwa Kinande, kama alivyofundishwa na baba yake. Hakuna kitu cha mukeka kilichorudishwa. Kililipwa tu.

“Nikupandie nini?”

“Panda ile nyekundu. Na uniambie ikiota.”

Alitusindikiza mpaka kwa gari, ekrani kwa bega. Hakuniambia neno juu ya kidole changu kile cha hewani. Aliuliza tu kama nitamuleta mutoto kwa likizo. Nikasema nitamuleta, na safari hii nilijua ninajibu nini.

Tulirudi kwa fundi. Alikuwa ameweka barrette zake tayari kwa meza, na disque mupya ndani ya karatasi yake, akaanza kutafuta turnavisi ya kufungulia sanduku.

“Hapana,” mutoto akasema. “Usitoshe kitu. Baba Mukubwa ameisha kulipa muhako.”

Fundi alinigeukia. “Mama, na trakta?”

“Trakta atachezea kwa mujomba wake,” nikasema.

“Basi niweke hata pile. Pile ni kitu ya bure tu, juu bila pile, kila ukizima itasahau tarehe.”

“Ninajua. Acha pile.”

Aliniangalia kama mutu mwenye kichwa kibovu. Mutoto naye aliniangalia, lakini hakuuliza. Tulibeba sanduku letu tukaenda.

Sasa mashini iko kwa meza ya chumba, imefunikwa kile kitambaa cha kufuma. Mama yangu anapita, anaangalia, anauliza kama fraise zimefika kwa sahani. Kila asubuhi mutoto anaiwasha mbele ya kuvaa uniforme, na kila asubuhi ananiita kutoka chumbani, “Mama, leo ni tarehe ngapi?” Siku za kwanza nilikimbilia simu, natazama, ndipo ninamujibu. Aliningoja, hakunisaidia.

Asubuhi moja nilikuwa nakoroga uji kwa moto wa makala. Akaniita. Nikamuambia siku, na tarehe, na mwezi, bila kutazama popote. Nikasikia anabonyeza. Kisha akapaza sauti, “Mama! Kwa Baba Mukubwa imeota!” Nikaweka mwiko chini, nikakaa, nikamulilia bwana yangu.